Sanduku lina milioni 11: tugawane Desemba kama kawaida, au wanawake 27 tununue shamba?

KatibuTororo

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Nina swali, lakini halitaeleweka bila historia yake, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, upande wa kuelekea Malaba. Tuko 27. Kuna Jopadhola, kuna Iteso, kuna Wasamia walioolewa huku, na Wanubi wawili. Ndiyo maana mkutano wetu unaendeshwa kwa Kiswahili na kumbukumbu naziandika kwa Kiswahili. Tunakutana kila Alhamisi saa nane chini ya mwembe wa mwenyekiti. Tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Hisa ni shilingi 2,000. Kila wiki mtu ananunua hisa moja mpaka tano, anagongewa mihuri kwenye kitabu chake, na fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Pembeni kuna mfuko wa jamii, shilingi 500 kila mtu, kwa msiba, uzazi na ugonjwa. Mkopo ni hadi mara tatu ya akiba yako, riba asilimia 5 kwa mwezi. Katikati ya Desemba tunavunja sanduku, kila mtu anachukua akiba yake na faida, Januari tunaanza upya.

Mtindo huu wa sanduku shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991. Lakini mama zetu hawakuanza kusaidiana siku sanduku lilipofika. Buganda wana munno mukabi (kufaana wakati wa shida), Kigezi wana engozi, machela ya kubebea wagonjwa kuteremka milima, Lango na Acholi wana aleya ya kulimiana kwa zamu. Nasi huku tulikuwa tukipalilia mtama kwa pamoja kabla mtu yeyote hajatufundisha kugonga mihuri.

Tuna miaka 9 sasa. Shule za msingi za serikali ziliondoa ada mwaka 1997, lakini sare, chakula cha mchana na fedha ya mitihani bado ni za mzazi, na kwa nyumba nyingi za hapa huyo mzazi ni mama. Hayo yote yametoka sandukuni. Nyumba za nyasi zimepata mabati. Mmoja wetu, ambaye mwaka wa kwanza alikuwa akinong'ona idadi ya hisa zake hadi tunamwambia apaze sauti, leo yumo kwenye kamati ya LC1, baraza la kijiji, na anaongea wazee wakimsikiliza.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mwaka 2021 mwenzetu alifiwa na mume. Matanga hayajapoa, mashemeji walikuja na kamba kupima shamba. Kikundi kilifanya kila tulichojua kufanya: mfuko wa jamii ulitoa sanda na unga, tulilala naye wiki nzima, tulimlimia msimu ule mmoja. Msimu wa pili hapakuwa na mahali pa kulima. Tulikuwa na majembe 26 na hatukuwa na pa kuyapiga. Leo amepanga chumba kimoja senta, anakaanga mihogo barabarani, na Alhamisi bado anakuja kununua hisa yake moja. Kila nikigonga ule mhuri wake mmoja najiuliza tumejenga nini kwa miaka 9 kama mwanamke mwenye kitabu safi anaweza kubaki bila mahali pa kuweka kiti.

Mwaka huu hesabu inaonyesha tutavunja na shilingi 11,400,000 hivi. Kuna jirani anauza ekari moja na nusu kwa milioni 9. Nusu ya kikundi wanasema tununue, liwe shamba letu wote, na mwenzetu akiondolewa kwake awe na pa kulima. Nusu wanasema Krismasi na ada ya Februari haziwezi kulipwa kwa udongo. Kikao cha kuamua ni Alhamisi baada ya ijayo.

Waliowahi kununua ardhi kama kikundi, nisaidieni. Mlifanyaje, na nini kiliwashinda?

BodaMalaba

Dada, gawaneni fedha. Ardhi ya watu 27 ni kesi 27. Nimebeba abiria wengi wa kwenda mahakamani Tororo, na wengi wao wanakwenda kwa ajili ya shamba.

KahawaRwenzori

Dada Katibu, nakusalimu kutoka Kasese. Niko karibu na Bwera, mpakani na Kongo, ndiyo sababu Kiswahili kwetu ni cha kila siku sokoni.

Mimi sikununua ardhi na kikundi, lakini nataka nikwambie tulikoanzia sisi, maana swali lako linanigusa. Huku kwetu kwenye miteremko ya Rwenzori fedha ni kahawa. Mwanamke anapalilia, anachuma, anabeba mlimani, anaanika. Siku ya kuuza mume anakwenda na mzani. Kibaya zaidi ni ile tabia ya kuuza kahawa ikiwa bado maua: mchuuzi anakuja wakati wa njaa, anampa baba fedha kidogo, na kahawa yote ya msimu inakuwa yake kabla haijaiva. Mama anachuma kahawa ambayo imeshauzwa na hajui.

Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, chenye makao Kyarumba, kilianza na fedha za akiba kama nyinyi, na wengi wa wanachama wake ni wanawake. Wakagundua jambo hilo hilo ulilogundua, kwamba akiba ya mama haiendi mbali kama shamba na mavuno ni ya baba peke yake. Wakaanza kutumia mafunzo ya kuchora, yanaitwa GALS. Hata asiyejua kusoma anachora. Kuna mti: upande mmoja wa mizizi unaonyesha kazi anazofanya mume, upande mwingine kazi za mke, na kwenye matawi ni nani anatumia matunda. Wanachora mke na mume pamoja. Baba mmoja wa kijijini kwetu alipoona upande wa mke wake hauna nafasi ya kuchora zaidi, aliweka kalamu chini akakaa kimya muda mrefu. Msimu uliofuata walikwenda kuuza kahawa wote wawili.

Kutokana na mafunzo hayo, familia nyingi ziliandikiana hati za shamba zenye majina mawili. Na ubora wa kahawa ulipanda, kwa sababu mtu anayejua fedha itafika mkononi mwake anachuma nyekundu tu, anasubiri ikauke vizuri, haharakishi kuuza.

Kwa hiyo shauri langu: ekari moja na nusu ya watu 27 haitawatosha kula. Ardhi mnayoihitaji tayari mnailima, ila majina yenu hayamo. Anzieni hapo.

MwalimuBusia

Naomba niseme jambo ambalo huenda halitapendeza, na nalisema nikiwa mwanachama wa kikundi kama hiki kwa miaka sita.

Tunavisifu vikundi hivi kupita kiasi. Asilimia 5 kwa mwezi ni asilimia 60 kwa mwaka. Vikundi vingine hapa Busia vinatoza 10, ambayo ni 120. Tunajibu kwamba riba inaturudia wenyewe Desemba. Inarudi, ndiyo, lakini inarudi kwa kufuata hisa. Mwenye duka ananunua hisa tano kila wiki, hakopi, na Desemba anachukua faida nono. Mjane mwenye hisa moja anakopa kumpeleka mtoto hospitali, analipa riba, na riba yake inakwenda kwa mwenye duka. Katibu, hebu angalia kitabu cha yule mama anayekaanga mihogo. Amelipa riba kiasi gani mwaka huu, na atapata faida kiasi gani?

Nimeona pia mwanamke akiuza kuku wa mtoto ili asiaibike mbele ya wenzake siku ya hisa. Na walio maskini zaidi hawamo kabisa, maana hakuna anayetaka kumdhamini. Wale hatuwaoni kwa sababu hawakai chini ya mwembe.

Sisemi mvunje. Nasema kabla ya shamba, tazameni ndani ya sanduku.

KatibuTororo

Mwalimu, nimefungua kitabu jana usiku. Mwaka huu amelipa riba ya shilingi 36,000, na kwa hisa zake faida yake itakuwa pungufu ya hiyo. Sikuwahi kuzipanga hesabu hizo mbili kwenye mstari mmoja, na mimi ndiye ninayeziandika. Nimekosa usingizi. Ahsante kwa kuniambia.

KahawaRwenzori, nimeisoma habari ya mti kwa sauti mbele ya mwenyekiti. Akaniuliza kama waume wa huku watakubali kukaa kuchora. Wengine ndiyo. Wengine wataona tumeleta vita nyumbani.

Nieleze pia kwa nini tunapenda fedha yetu wenyewe kuliko ya kuletewa, maana wengine wataniuliza kwa nini tusiombe serikalini. Tuliomba. Mpango wa UWEP, ule wa wizara ya jinsia ulioanza 2016, ulitaka kikundi cha wanawake 10 hadi 15. Sisi ni 27. Masharti yenyewe ni mazuri: ukirudisha ndani ya miezi 12 hakuna riba, ukichelewa ni asilimia 5 kwa mwaka. Lakini ilibidi tuchague 12 wa kuandikwa, na siku ile ya kuchagua nusura iwe mwisho wetu. Wenzetu waliobaki nje walikaa miezi mitatu bila kuja Alhamisi. Waliopata walirudisha, lakini walirudisha kwa woga wa ofisi, na wengine walisema waziwazi kwamba fedha ya serikali si kama ya sanduku. Ya sanduku ukiila, umemla mwenzako anayekutazama.

Kisha ikaja PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka, uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, si mbali na hapa. Milioni 100 kwa kila muluka (vijiji kadhaa) kwa mwaka, hadi milioni 1 kwa kaya, asilimia 6 kwa mwaka, na asilimia 30 imetengwa kwa wanawake. Kati yetu tisa walipata. Wawili wamenunua nguruwe na wanaendelea vizuri sana. Mmoja mume alimsindikiza mpaka kwa wakala wa simu, akazipokea yeye mlangoni. Fedha ilikuwa na jina la mwanamke mpaka pale mlangoni.

MzeeMaendeleo

Wanangu, nimesoma yote. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii kwa zaidi ya miaka 20, sasa nimestaafu nafuga nyuki. Nitasema upande wa sheria, kwa sababu ndipo vikundi vingi nilivyoviandikisha vilipoangukia.

Kwanza, cheti mlichopewa wilayani au gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya) kinawatambua kama kikundi cha jamii. Hakikifanyi kikundi kuwa mtu mbele ya sheria. Mkinunua ardhi leo, karatasi itaandikwa jina la mwenyekiti na pengine la mweka hazina. Mwenyekiti akifariki, watoto wake watasema ni ya mama yao, na karatasi itawaunga mkono. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na kikundi kilichokuwa kimekaa miaka 10 kilitawanyika kwa wiki moja.

Njia ziko. Kikundi kinaweza kuandikisha wadhamini wake wawe chombo kinachomiliki mali. Au mnaweza kuwa chama cha ushirika, lakini sheria ya ushirika inataka watu wasiopungua 30, nanyi ni 27. Ardhi ya huko Tororo nyingi ni ya kimila, kwa hiyo hata baada ya kununua ni vizuri kuomba hati ya umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo, ambayo huja kutembea mipaka na kusikiliza majirani kabla ya bodi ya ardhi ya wilaya kuamua. Msikubali karatasi ya LC1 peke yake iwe mwisho wa safari.

Pili, na hili ni zito kuliko la kwanza. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema ardhi ya familia, yaani ile ambayo familia inaishi juu yake au inapata riziki yake, haiuzwi bila mke au mume kuridhia. Huyo jirani anayewauzia ana mke? Mke anajua?

Tatu, kuhusu mjane. Sheria ya mirathi ilirekebishwa mwaka 2022. Mume akifa bila wosia, mjane ana asilimia 20, watoto wana 75, wategemezi wengine 4, mrithi wa kimila 1. Na ana haki ya kubaki katika nyumba ya ndoa. Mashemeji hawana ruhusa ya kuja na kamba. Lakini, wanangu, haki hizi zinamfuata mke wa ndoa inayotambulika. Wanawake wengi vijijini wameishi na mwanaume miaka 20, wamezaa watoto sita, mahari haikukamilika, na hakuna kitabu chochote chenye jina lao. Ndoa ya kimila huandikishwa gombolola. Laiti kila kikundi cha sanduku kingetumia Alhamisi moja tu ya mwaka kwenda pamoja na waume kuandikisha ndoa! Nililisema hili katika kila mkutano mpaka wenzangu ofisini wakanichoka, na bado nalisema.

BodaMalaba

Mzee, heshima yako. Niliandika kwa ufupi mwanzoni, sasa nieleze.

Ile kesi 27 niliyoisema inatoka nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa na kikundi. Walinunua kiwanja cha kufyatulia matofali karibu na bwawa, wakaandika jina la mama mmoja aliyejua kusoma. Alipofariki, mwanawe aliuza. Mama yangu hakupata hata tofali. Hakuenda popote kushtaki kwa sababu yule marehemu alikuwa rafiki yake tangu usichana, na hakutaka kupigana na mtoto aliyemlea mgongoni. Ndiyo maana nilisema gawaneni. Kama wangejua habari hizi za wadhamini, pengine leo mama angekuwa na kitu.

AleyaLira

Kwa nini kununua? Kodini.

Huku Lango tunakodi ekari kwa msimu, watu 15 wanalima kwa zamu ya aleya, asubuhi ya Jumatatu na Jumatano kwenye shamba la kikundi, siku nyingine kwa mtu mmoja mmoja. Kikundi chetu cha bol cup (ndivyo huku tunavyoita kikundi cha sanduku) kinatoa fedha ya kodi tu. Ufuta na soya vinalipa kodi na kubakisha. Wanaume hawagombani na shamba la kukodi, kwa sababu hakuna wa kulirithi. Mkiona mmevuna misimu minne bila ugomvi, hapo ndipo mzungumze kununua.

MamaKyangwali

Mimi ni mkimbizi kutoka Ituri, Kongo, niko kambi ya Kyangwali. Nashukuru kuona mazungumzo ya Kiswahili kuhusu mambo yetu.

Sisi nyumbani tulikuwa na likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu. Tulipofika Uganda tuliikuta katika sura ya sanduku, tukajiunga haraka. Serikali ya Uganda inatupa kipande cha kujenga na kulima, lakini watu wamekuwa wengi, vipande vimekuwa vidogo, na chakula cha msaada kimepunguzwa mara nyingi. Kwa hiyo kikundi chetu kilikodi shamba kwa wenyeji nje ya kambi.

Nataka kumwonya dada wa Tororo kwa lililotupata. Tulikodi pori kwa maneno, tukaelewana misimu mitatu. Tulikata miti, tukang'oa visiki kwa mikono, wanawake 20, wiki tano. Tulivuna mahindi mara moja. Mwenye shamba alipoona limekuwa safi, alisema anamhitaji mtoto wake alime hapo. Hatukuwa na karatasi. Wiki tano zile zilikuwa zetu, na shamba safi likawa lake.

Mara ya pili tuliandika. Jina la kijiji, mipaka inakoishia, misimu mingapi, fedha imelipwa kiasi gani, na mstari mmoja unaosema kilichopandwa kitavunwa na aliyekipanda hata kama mkataba umevunjika. LC1 akagonga mhuri, mke wa mwenye shamba akaweka kidole gumba, na mwanawe mkubwa akatia saini. Huyo mwana mkubwa msimsahau. Msikodi pori. Kodini mahali palipolimwa mwaka jana.

ZiwaniMukono

Nichangie kidogo. Ardhi si mali pekee ambayo kikundi kinaweza kushika. Hapa Mukono wanawake wa Katosi walianza kujipanga mwaka 1996 kwa ajili ya samaki, baadaye wakajifunza uashi na kujengeana matangi ya maji ya mvua nyumba kwa nyumba. Tangi halihamishwi na shemeji kwa kamba. Na saa mbili za kwenda kisimani zinabaki kwa mama. Kama mna makuti na nyasi hamtapata maji, lakini umesema mabati mnayo.

MwalimuBusia

ZiwaniMukono, shemeji anayechukua nyumba anachukua na tangi lake. Lakini hilo la saa mbili ni kweli kabisa, na nalipeleka kwenye kikundi changu.

MamaKyangwali, pole sana kwa zile wiki tano.

KatibuTororo

Nimerudi na majibu, na naona ni haki niwaambie yalivyokwenda kwa mpangilio wake.

Baada ya swali la Mzee, mimi na mwenyekiti na mwenzetu mmoja tulikwenda Jumapili nyumbani kwa yule jirani anayeuza. Yeye hakuwepo. Tulimkuta mkewe akipura karanga na watoto. Tukakaa, tukasalimiana, tukasaidia kupura. Mwenyekiti akamwambia tumekuja kuhusu ile ekari na nusu. Akauliza ekari ipi.

Hakuwa anajua. Zile karanga tulizokuwa tunazipura zimetoka kwenye shamba lile lile. Ana watoto watano, na hilo ndilo shamba lao kubwa. Linalobaki ni uwanja wa nyumba na migomba michache. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama ni kweli ni sisi, wanawake wa sanduku, tulitaka kulinunua. Sikuwa na la kumjibu haraka. Tulitaka shamba kwa sababu ya mwanamke aliyenyang'anywa, na tulikuwa tumefika na fedha mkononi mlangoni kwa mwanamke wa pili.

Tulimwambia hatununui. Tukamweleza alichotuandikia Mzee kuhusu kuridhia kwake. Tukamwambia pia kuhusu gombolola, kwa sababu ndoa yake haijaandikishwa. Kwa sasa mumewe ametukasirikia sana, amesema kikundi kinavunja nyumba za watu. Tumemwomba LC1 na mzee wa ukoo wazungumze naye, na sisi tumekaa pembeni. Wale mnaoishi Tororo mnajua kijiji cha Mifumi kiko wilaya hii hii, na shirika lenye jina hilo lilibeba kesi ya mahari mpaka Mahakama ya Juu Kabisa, hadi Agosti 2015 majaji wakaamua kwamba kudai mahari irudishwe ni kinyume cha katiba. Wale nao waliambiwa wanavunja nyumba. Mwenyekiti aliwakumbusha wanachama jambo hilo Alhamisi, na waliokuwa na hofu walitulia.

Kikao kilichukua saa nne. Tuliyoamua ni haya.

Desemba tunagawana kama kawaida, ada ya Februari ilipwe. Kila mmoja anaacha shilingi 50,000, jumla 1,350,000. Tumepata ekari mbili za kukodi, zililimwa mtama mwaka jana, shilingi 150,000 kwa ekari kwa msimu, misimu miwili, na mkataba nimeuandika kwa kufuata alivyosema MamaKyangwali neno kwa neno, pamoja na mwana mkubwa na kidole gumba cha mke. Yule mwenzetu wa mihogo ya kukaanga ndiye msimamizi wa shamba, analipwa kutokana na mavuno, na tumekubaliana atanunua mihogo yake hapo kwa bei ya shambani.

Riba: Mwalimu, tumebadilisha. Mkopo wa ugonjwa na wa ada sasa hauna riba kwa miezi miwili ya kwanza, unatoka mfuko wa jamii, ambao mchango wake umeongezwa kuwa shilingi 1,000 kila mtu. Mikopo ya biashara inabaki asilimia 5. Wenye hisa tano kila wiki walilalamika, wawili wamesema watafikiria kama wataendelea mwakani. Hilo linaniumiza kwa sababu ni waanzilishi.

Ushirika: tunahitaji watatu zaidi kufikia 30. Tumekubaliana watatu hao watoke kwa wale ambao hakuna aliyekuwa anataka kuwadhamini, na kikundi kizima ndicho kitakachowadhamini. Majina matano yameletwa. Yule mama wa karanga hatujamwuliza, kwanza amalizane na mambo ya nyumbani kwake bila sisi kuonekana tumemvuta.

Kuhusu kuchora mti na waume: waume tisa wamekubali kuja. Tisa kati ya wenye waume 19. KahawaRwenzori, kama una mtu aliyefunza huko ambaye anaweza kutueleza hatua kwa hatua hata kwa simu, niandikie kwa siri humu jukwaani.

Na sasa nina ombi kwa wakulima. Ekari mbili tunataka kupanda muhogo mvua za Machi. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja ni pingili 4,000 hivi kwa ekari, kwa hiyo tunatafuta pingili 8,000 za muhogo aina ya NAROCASS 1 au NASE 14, kutoka shamba lisilo na magonjwa ya batobato wala michirizi ya kahawia. Mwaka juzi mwenzetu alinunua gunia la pingili sokoni na mihogo yote ikaoza ndani kabla ya kuvunwa. Mwenye mbegu safi Tororo, Busia, Butaleja au hata Soroti, aseme bei na tutakuja kulitazama shamba kabla ya kulipa.

AleyaLira

NAROCASS 1 ninayo, nusu ekari, ya mwaka jana, safi. Lira ni mbali kwenu, lakini lori la soya linashuka Mbale kila Ijumaa. Njooni mlitazame shamba Januari, kabla hatujakata.